Kipande cha Shaba cha Kambo

Harufu ya ndimu na majivu bado hunitia aibu. Nikiisikia tu kwa jirani, papo hapo ninakuwa na miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu Kikula kando ya mbabula, jiko letu la makaa, nikisugua shaba kwa bidii ambayo hakuna aliyeniomba.

Kambo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na kopo la biskuti ambalo tangu nizaliwe sikuliona na biskuti hata moja. Humo alitunza maisha yake: kijiko cha mti alichotoka nacho Kapolowe alipoolewa, kifungo cha koti la mtoto aliyemzika, rozari iliyopungua punje, na kipande cha shaba cha kutosha kiganjani. Jumapili baada ya misa alivitoa kimoja kimoja na kutusimulia. Ukimkatiza, alianza upya kutoka kwenye kijiko, kwa hiyo tulijifunza kunyamaza.

Shaba ilikuja mwisho, na habari za babu, aliyeileta kutoka kiwandani. Ilikuwa na doa jeusi pembeni. Kambo aliweka dole gumba lake juu ya doa hilo kila aliposimulia, nami niliona ni uchafu tu.

Jumapili moja dada zake wawili walikuja kutoka Kapolowe. Nilitaka kambo ajivunie vitu vyake. Walipokuwa bado misani, nikakamua ndimu, nikachota majivu, nikasugua mpaka shaba ikang'aa na doa likatoweka. Nilijiona fundi kweli.

Kambo alipofungua kopo, mkono wake ulisimama.

"Ni nani alisafisha hii?"

"Ni minye, kambo. Ilikuwa na buchafu."

Mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Ile ilikuwa kidole ya baba. Jasho yake njo ilibakia pale. Hatuna hata foto yake moja!" Kumbe lile doa lilikuwa alama ya kidole cha babu.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kambo aliniita nikae karibu yake, akaweka dole gumba pale pale palipokuwa na doa, akawaambia dada zake, "Apa njo bwana yangu alikamataka," yaani hapo ndipo babu alipokuwa akiishika. Akasimulia yote bila kuruka neno. Wageni wakasifu mng'ao. Mimi nikadhani kosa langu lilikuwa dogo.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Alifunika pale ili dada zake wasione, nisije nikaitwa mtoto aliyemfuta babu yake. Na hakuacha kupafunika, kila Jumapili, hadi alipotuaga.

Kopo sasa ni langu. Shaba imefifia tena, na pale pembeni pana doa jeusi, dogo kuliko lile la kwanza. Ni dole la mwanamke.

Juzi binti yangu alikuja na ndimu mkononi, uso umejaa furaha.

"Mama, niisafishe hii?"

Nilimpokea ndimu taratibu, nikamketisha karibu yangu, nikaanza kutoka kwenye kijiko.