Udi Juu ya Moshi wa Sigara

Katika miaka ya tisini nilinunua kompyuta ya kupakata kutoka kwa karani mmoja wa reli, mtu wa bara aliyekaa mtaa wa Buxton. Ilinuka sigara, naye hakunificha. Aliifungua mwenyewe akanisogezea puani.

“Mwalimu, nusa kabla hujalipa. Mimi huvuta nikiandika, na mashine hii imevuta nami. Ifute kwa spiriti, kisha ifungie na makaa makavu siku kumi. Isipungue hata moja.”

Siku kumi sikuwa nazo. Kesho yake nilikuwa na miadi mtaa wa Kibokoni, kwa bibi mjane aliyehifadhi kasha la miswada ya babu yake: tenzi na barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo wadudu walikwisha kuanza kuzitoboa. Nilikuwa nimemwomba mwaka mzima aniruhusu kuzinakili. Alikubali kwa sharti moja. Mumewe alikufa kwa maradhi ya mapafu, na tangu siku hiyo harufu ya sigara haikuruhusiwa kuvuka kizingiti chake.

Kalamu na daftari zingalinitosha. Lakini nilitaka nionekane nimekuja na chombo kipya, na kwa ajili ya kiburi hicho nikafanya lile ambalo mji wetu wa pwani huifanyia kanzu ya Ijumaa. Nilitia makaa ya moto katika chetezo, nikadondosha udi, nikasimamisha juu yake tenga la kufukizia nguo, nikailaza kompyuta hali imefunguliwa, nikaifunika shuka. Ilipotoka ilinukia kama nyumba ya harusi, nami nikaridhika.

Kwa bibi, mashine haikuchukua muda kupata joto. Kadiri ilivyopata joto, ndivyo sigara ilivyopanda kutoka chini ya udi, hata zikawa harufu mbili zinazogombana chumbani. Binti yake, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, aliinua uso.

“Mama, kompyuta yaenda kuolewa hiyo!”

Bibi hakucheka. “Mwanangu, wavuta?”

“La, Bibi. Ni aliyeniuzia. Hakuniambia. Watu wa bara hawa, Bibi, wajua kuficha.”

Maneno hayo yalinitoka kwa wepesi unaonitisha hadi leo, sikuyatafuta, yalikuwapo.

“Hakukwambia,” akasema.

“Hakuniambia.”

“Na udi huu kautia nani? Yeye?”

Mkuno wa nazi ulikoma.

“Udi hufukiziwa nguo iliyofuliwa,” bibi akasema, bila kupandisha sauti. “Nguo yenye jasho haifukizwi. Nenda kaifue. Na huyo mtu wa bara umtake radhi, kisha uje. Kasha halina miguu.”

Nilirudi nyumbani nikafanya kama nilivyoelekezwa na yule niliyemsingizia. Niling’oa vibonye kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, nikiwa nimekwisha kuchora mpangilio wake karatasini. Nikafuta kila ufa kwa pamba na spiriti, nikatoa majivu mengi kuliko nilivyotarajia. Mafuta ya udi yalinishinda zaidi kuliko sigara: yalikuwa yameacha utando unaonata juu ya kioo. Kisha nikaifungia katika debe la biskuti pamoja na makaa yaliyofungwa kitambaani.

Kutoka kwetu hadi Buxton si mwendo wa kumchosha mtu. Siku ya sita nilifika. Karani alikuwa akianika mashati ya kazi. Aliniona kabla sijaamua kusimama.

“Mwalimu! Makaa yamefanya kazi?”

“Yanafanya,” nikajibu.

“Si nilikwambia? Vumilia, zimebaki chache!”

Alicheka kwa furaha ya mtu aliyemfaa mwenzake. Nikampungia mkono, nikapita kana kwamba nilikuwa na safari nyingine.

Baada ya siku kumi bibi aliinama juu ya kompyuta, akavuta pumzi mara mbili. Hapakuwa na kitu, si sigara wala udi.

“Umemtaka radhi?”

Binti yake alikuwapo, na kasha lilikuwapo, karibu na goti langu.

“Nimemtaka, Bibi.”

Alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani ili nifungue mwenyewe. Niliusukuma kwa pupa hata ukagonga chuma. Nadhani alidhani ni furaha.

“Taratibu, mwanangu,” akasema. “Kufuli hilo ni kuukuu.”