Mlango Unaobipu

Mimi si mtu wa kusubiri. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na mama alilijua kabla yao. Nafundisha fizikia Nachingwea, na kitu chochote kinachonichelewesha nakitafutia dawa. Taa ya uani kwangu huwaka yenyewe giza likiingia. Pampu ya tangi hujizima maji yakijaa. Vyote nilivitengeneza kwa vipande vya redio mbovu, na mkono wangu wa kushoto bado una makovu ya risasi ya moto ya kuungia nyaya.

Kwa hiyo nilipoingizwa kwenye kundi la simu la watu wenye ugonjwa kama wangu, nilijiona nimefika nyumbani. Tulikuwa kama ishirini, wa Nachingwea na Ruangwa. Yupo mchimbaji wa Namungo aliyetengeneza pampu inayojua maji yamekwisha shimoni. Yupo muuguzi wa Marambo mwenye sanduku la kutotolea vifaranga linalogeuza mayai lenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na sisi tulizianika zetu kila siku kwa picha na video. Jumapili moja moja tulikutana Ruangwa, nyuma ya banda la fundi redio, isipokuwa siku za mpira, maana siku hizo hata fundi mwenyewe humkuti.

Mwanamke nilikuwa mimi na yule muuguzi tu. Waliniita Madam. Nilitaka sana waniogope kidogo, na sioni haya kulisema.

Mama alikuwa anaishi Likunja, peke yake tangu baba afariki. Kaka zangu wako mbali, mmoja Mbeya, mwingine hatujui vizuri yuko wapi. Kila asubuhi nilimpigia mama simu kabla ya kwenda shule. Alikuwa na simu ndogo ya tochi, na alijua kubonyeza mahali pawili tu: pa kupokea, na kitufe cha namba moja, ambacho nilikitega kiniite mimi akikikandamiza kwa muda. Hakukitumia hata siku moja kuniita, maana mpigaji nilikuwa mimi.

Simu hizo zilinichosha. Mama hakujua kusema "nzuri" akaishia hapo. Alianza na kuku aliyelala nje, akahamia kwa mtu aliyezikwa juzi, akaeleza ukoo wa marehemu mpaka kwa mababu waliotoka Msumbiji, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kimwera, huku mimi nimesimama mlangoni na begi begani. Nilikuwa naitikia "ehe, ehe" na macho yako kwenye saa. Nilitaka kujua jambo moja tu: ameamka salama au hakuamka.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda na kisanduku. Nilibandika sumaku kwenye mlango na mwenzake kwenye fremu. Mlango ukifunguka, saketi inakandamiza kile kitufe cha namba moja kwenye simu ya tochi, simu inaniita kwa sekunde kumi na tano, halafu inajikata yenyewe. Yaani mlango unanibipu. Na bipu haipokelewi, kila mtu anajua. Anayepokea bipu anakula salio la mwenzake na anastahili matusi. Nyumba iko macho, vocha haijaguswa. Kibao kidogo cha sola juu ya paa, basi.

Simu yenyewe ilikuwa ile ya mama. Niliona haina kazi nyingine tena. Niliiweka ndani ya kisanduku, nikafunga skrubu nne.

Mama alisimama nyuma yangu akitazama.

"Sasa nikifungua mlango, simu inakwenda kwako?"

"Inakuja kwangu moja kwa moja, mama."

"Na mimi nikuambie nini?"

"Usiseme kitu. Wewe fungua tu. Mimi nitajua."

"Utajua," akarudia, akakigusa kisanduku kwa kidole kama mtu anayepima joto la ndoo ya maji.

Jirani yake, mama mtu mzima ambaye shamba lao la korosho limepakana na letu, alizoea kupita kila asubuhi kupiga hodi. Nilimshukuru sana, nikamwambia asijisumbue tena, sasa ipo mashine. Aliitazama akatikisa kichwa kwa heshima. Watoto wa watu wamesoma, alisema.

Niliweka video kwenye kundi jioni ile ile. Madam umetisha. Madam hiyo ni noma. Mchimbaji wa Namungo akaomba mchoro wa saketi amfungie baba yake, na mwingine wa Nachingwea naye akaomba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliyatia bila kuonja. Nikaacha kabisa kumpigia mama asubuhi. Saa kumi na mbili na robo simu inaita, natabasamu, naiacha ikatike, naendelea kupiga mswaki.

Ikaenda hivyo mpaka mwezi wa kumi.

Jumamosi moja mlango ulibipu mara tatu. Jumapili mara tano. Jumatatu nilihesabu nane. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani, nilikuwa na madaftari mpaka kitandani, na zile bipu zilinifurahisha. Mama ana nguvu, nilijiambia. Anaingia na kutoka, huenda ni korosho, wanaanika. Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikaiweka kwenye kundi: "Bi mkubwa yuko fiti kuliko mimi." Wakacheka wote. Jumatano zilifika kumi na moja.

Alhamisi, saa ya chai, nilikuwa ofisini nala chapati. Simu ikaita. Nilitaka kuikata kwa sababu mwenzangu alikuwa anazungumza, lakini vidole vilikuwa na mafuta, vikateleza upande wa kupokea. Ndipo nikasikia. Kwanza mkwaruzo wa mbao. Halafu sauti ya jirani: "Vuta tena, mama." Halafu ya mama, kwa Kimwera, imekauka: "Bado. Hajajua bado."

Nikaita mama, mama, kwa kelele mpaka ofisi nzima ikanyamaza. Simu ikakatika. Sekunde kumi na tano, nilizipanga mimi.

Nikapiga. Ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena. Iliita ndani ya kisanduku nilichokifunga kwa skrubu nne, mbele ya watu wawili wasio na bisibisi.

Nilichukua bodaboda mpaka Likunja. Njiani, vumbi mdomoni, ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa kijiji kile analijua. Mlango wa kwetu hufunguliwa mara moja. Unafunguliwa alfajiri, unaegemezwa jiwe, unabaki wazi mpaka magharibi, maana mlango uliofungwa mchana ni wa mtu aliyesafiri au mwenye neno na wenzake. Nimezaliwa ndani ya nyumba ile. Mlango kufunguliwa mara kumi na moja kwa siku kulitosha kunitoa mbio, na mimi niliuwekea picha za kicheko.

Mama alikuwa amelala chini kwenye godoro, chumba cha mbele. Aliteleza bafuni Jumamosi. Jirani alisikia akilia, akaita watu wakambeba ndani, wakamkanda kwa mafuta, na tangu hapo alikuwa anamletea uji na kumgeuza. Kutoka kwenye mlango mpaka mkononi mwa mama ilipita kamba ya kuanikia nguo. Anavuta, mlango unafunguka. Anaachia, unajirudi, maana umeinama siku zote. Godoro walilisogeza pale makusudi. Kati ya miradi yote niliyowahi kuonyeshwa na lile kundi, huo ulikuwa umefungwa vizuri kuliko yote.

Nilimwamkia.

"Tumekuita tangu Jumamosi," alisema jirani. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. "Namba yako imo humo ndani. Nilitaka nikivunje hicho kisanduku, mama yako akanikataza. Alisema ni mali ya mwanawe, isiharibiwe. Kila tukivuta mimi nasema na mashine, naieleza, mama kaanguka, mama kaanguka."

"Marahaba," mama alisema mwishowe. Akanitazama. "Si ulisema utajua?"

Nilipiga magoti nikaifungua kamba mkononi mwake. Mwalimu mzima.

Hospitali daktari aliuliza ameumia lini. Nikasema Jumamosi. Akaangalia kalenda ukutani, akaandika. Baadaye alinieleza kwamba mfupa wa nyonga umekaa vibaya na mama hatatembea tena bila magongo. Nilimuuliza kama angeletwa siku ile ile ingekuwaje. Alisema hayo tuyaache.

Kwenye kundi niliandika yote, sikuficha kitu. Pole zilimiminika. Halafu, kabla ya saa kupita, wakaanza. Madam, hapo ungeweka kitufe cha dharura. Madam, kamera ndogo ingemaliza kazi. Mmoja akachora saketi mpya kabisa, nzuri kwa kweli, akaiweka na maelezo. Nilipandwa na hasira, nikaandika matusi marefu, nikayafuta. Nilijua wiki moja tu nyuma mchoro ule ningeuchora mimi. Niliwaomba wale wawili walioniiga wavitoe visanduku vyao. Mchimbaji alitoa siku hiyo hiyo, akaenda kulala kwa baba yake. Yule mwingine alijibu kwamba cha kwake hakijawahi kusumbua.

Mama sasa anakaa kwangu, Nachingwea. Analala chumba cha pili, na anamkumbuka jirani yake kuliko anavyonisemesha mimi. Nilifungua zile skrubu nne, nikaitoa simu, nikaisafisha, nikamrudishia. Aliigeuzageuza, akaiweka chini ya mto.

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga uji, simu yangu ikaita mfukoni. Nikaitoa. Jina lake kwenye kioo, saa kumi na mbili na robo. Na kidole changu, hiki hiki, kikaenda chenyewe upande wa kukata. Kilishagusa kioo nilipokizuia. Nilikuwa hatua sita kutoka kitandani kwake, mwiko mkononi. Nikatelezesha upande wa pili.

"Abee, mama."

Nilisikia pumzi yake mara mbili, ndani ya simu na nyuma ya ukuta.

"Aa," akasema. "Kumbe huwa unapokea."