Mahameni kwa Baisikeli

Jamani, ngojeni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Tangu nihitimu kisomo cha usiku nimekuwa nikitangazia kijiji kizima kwamba majini hayapo. Hasa mbele ya Bi Somoe, mama wa mchumba wangu, ambaye alikuwa bado hajanikubali.

Juzi asubuhi nikapanda baisikeli kwenda Mchinga. Nikafuata njia ya tambarare kati ya mikoko na majaruba ya chumvi, inayokatisha katika mahame tuliyoyaacha tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ukungu ulikuwa mzito hata gurudumu langu la mbele sikuliona. Nilipoingia mahameni ukapungua kidogo: nyumba hazina mapaa, milango iko wazi, hakuwiki hata jogoo. Mara nikasikia sauti ikinong'ona majina ya marehemu wetu, mmoja baada ya mwingine. Harufu ya ubani ikanijia. Kando ya njia, kwenye makaburi yetu ya zamani, kikainuka kitu, uso mweupe pe.

Baisikeli ikanibwaga topeni. Nikapiga magoti, elimu yote ikayeyuka.

"Bwana Jini, mimi sina nyama!" nikalia. "Mchukue Bi Somoe wa kule kijijini! Mnene, tena ana kelele, watu watakushukuru!"

Kile kitu kikanisogelea polepole, kikajifuta uso kwa ncha ya kanga. Unga wa tambiko ukapukutika.

"Marahaba, mkwe wangu," akasema Bi Somoe, ingawa shikamoo sikuwa nimeitoa. "Haya, nimeshafika. Hebu rudia, nina nini?"