Mabati Yangu, Makuti Yake

Namwonea mdogo wangu wivu, na siku hizi sijisumbui kuuficha.

Kwetu Turkana mwanamke ndiye anayejenga nyumba, na mama yake ndiye anayemfundisha. Mimi, binti mkubwa, nilipopata kiwanja hapa Lodwar niliita fundi. Nilizunguka maduka ya vifaa nikilinganisha: mabati membamba hukunjwa na upepo, meupe hushika kutu, makuti huliwa na mchwa. Nikachukua mabati mekundu, mazito kuliko yote dukani, nikijiambia hata wajukuu watayakuta. Mdogo wangu wa kike akajenga Kakuma, akaezeka makuti ya mkoma, ule mti wa kwetu unaofanana na mnazi. Nilimcheka. Nilimwambia siku akitaka kuuza, mnunuzi atalipia kiwanja tu, na nyumba ataiona kuni.

Sikukosea. Makuti yake huchoka kila baada ya miaka michache. Yakichoka, mama hufunga mzigo wake kule Kalemng'orok, anapita kwangu, anakunywa chai, anaendelea Kakuma. Huko hukaa mwezi mzima, pengine miwili. Wanakata makuti pamoja kando ya laga, ule mto wa msimu, wanasokota kamba, kisha mama anapanda juu na kumgombeza mdogo wangu kuhusu jinsi ya kuyalaza. Picha natumiwa. Katika moja mama anacheka hadi mapengo yanaonekana, na sikumbuki kama amewahi kucheka hivyo nyumbani kwangu.

Kwangu mama halali hata usiku mmoja. Nilidhani ni joto, maana chini ya mabati mchana ni tanuri, kwa hiyo nikaweka dari, nikaweka na feni. Bado hakukaa. Paa lenyewe halijavuja wala kupauka, na fundi huleta wateja wake walione. Wao hulisifu, nami nasimama pembeni nikilichukia.

Mwezi uliopita nilimpigia mama simu kabla hajaanza safari.

"Ejok, mama," nilimsalimu. "Mara hii usipite tu. Njoo ukae kwangu."

"Kwani paa yako imeharibika?"

"Hapana, iko sawa."

"Hata kuvuja kidogo?"

"Haivuji, mama."

Hakuwa ananisuta, namjua mama akisuta. Aliuliza kwa upole, kama mgeni anayeogopa kusumbua:

"Sasa mimi nikuje kufanya nini?"