Jogoo na Mikono ya Kanzu

Kuku hafundishwi na mtu kumwogopa mwewe. Kifaranga kilichoanguliwa jana tu, kivuli kikipita juu kinajibana chini kama kokwa. Mimi nilikaa darasani miaka mitatu, na mingi ya hiyo nilikuwa nafagia nyumba ya mwalimu, nikatoka sijui hata nusu ya anachokijua kifaranga.

Miaka ile ya wakimbizi, ndege za msaada zilianza kupita juu ya migomba yetu hapa Murukulazo. Mwanzoni kuku waliacha hata mahindi. Jogoo wetu anapinda shingo, jicho moja juu, anatoa "krrrrr" ndefu, na uwanja unabaki manyoya matupu. Baadaye wakazoea. Nadhani waliona yale madude hayachukui kifaranga wala hayadondoshi punje. Wakazoea na makorongo, yale madege yenye vipara yaliyofuata majalala ya kambi, yakitembea taratibu kama wazee wa kanisa wanaokusanya sadaka. Lakini mwewe, akielea kimya na mabawa kayatandaza, huyo hazoeleki.

Haya, nilitaka kusema habari ya padri.

Padri alikuwa anakuja kubariki nyumba yetu. Safari iliyotangulia mke wangu alimlisha maharage, na jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, akaitangazia jumuiya nzima. Safari hii mke wangu aliapa padri atakula jogoo. Jirani akaalikwa makusudi, aje ajionee.

Kwetu mgeni wa heshima anaonyeshwa kwanza kuku akiwa hai, ajue hapikiwi mzoga. Mke wangu akapiga magoti, jogoo mkononi, kamba ya mgomba mguuni mwa jogoo.

"Tumsifu Yesu Kristu, Padri. Mboga yako hii."

"Milele amina. Asante, mama. Ngoja nibariki mji kwanza."

Mke wangu akamweka jogoo chini, akaikanyaga kamba. Padri akanyanyua mikono. Upepo wa kilimani ukaingia kwenye ile mikono mipana ya kanzu, ukaijaza, kivuli kikatambaa uwanjani.

"Krrrrr!"

Tetea wote chini ya ghala. Vifaranga wakalala kama wamekufa. Jogoo akakata kamba, akapita katikati ya miguu ya padri, akapotelea migombani.

Jirani akashika kiuno. "Mama, tumebarikiwa wote. Maharage yapo?"

Mke wangu akaokota kipande cha kamba. Akanigeukia mimi. "We mzee, umekaa kama na wewe mgeni! Kamata!"

Tulikimbia. Padri naye alikimbia, kanzu kaikunja kiunoni, na kwa kweli alikuwa na mbio kuliko mahubiri yake. Jogoo akavuka ua, akaingia nyumbani kwa nani? Kwa yule yule jirani, chini ya kitanda. Na chini ya kitanda cha mama wa watu nani ataingia, mimi au padri? Jirani akatambaa mwenyewe. Akatoka na utando wa buibui kichwani, jogoo kwapani, mdomo umefungwa.

"Asante, jirani," mke wangu akasema, taratibu sana. "Utamnyonyoa wewe, mimi nachemsha maji."

Padri akashusha kanzu, akajifuta jasho. "Basi nimalizie baraka." Akaanza kunyanyua mikono.

Mke wangu akairukia, akaishika yote miwili.

"Hapana, Padri! Bariki mikono ikiwa chini. Mungu ataelewa. Jogoo hataelewa."