Mkono wa Kushoto wa Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili kijijini kwetu Kwaluguru, hakuna aliyekatisha korongoni jua likiwa la utosi. Bibi, mama yake baba, alisema saa hiyo upepo mbaya unapita na watu wake, na ukiwakanyaga wanakupiga upande mmoja. Baba alikuwa akicheka tu. Siku moja wakati wa palizi alikatisha pale mchana, jembe begani, akaanguka. Walimleta nyumbani wamembeba, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kushoto vimelegea.

Leo najua kwamba kile kilikuwa kiharusi. Wakati ule nilichojua ni kwamba Bibi alikuwa amesema.

Mama alikuwa kwao Bungu, akimuuguza dada yake, kwa hiyo Bibi ndiye aliyemshika mgonjwa. Aligusa ule mkono, akaukuta wa baridi.

"Upepo umekaa humu," alisema. "Ukipata joto utatoka."

Alichemsha maji na majani, akawa anachovya kipande cha kanga, anakikamua, anamzungushia baba mkononi. Viganja vyake vilikuwa vimekomazwa na jembe na kuepua vyungu. Maji yanayofuka mvuke aliyaona vuguvugu. Kila mara alimuuliza baba kama yanaunguza.

"Sisikii kitu, mama," baba alijibu kwa ulimi mzito.

"Basi bado umo." Akaongeza kuni.

Asubuhi ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge makubwa. Bibi alifurahi hadi machozi yakamtoka. Ndio upepo unatoka, alisema, akaita majirani waje waone. Nami nilikimbia kuwaambia wenzangu kwamba baba anapona.

Mama aliporudi alikuta chumba kinanuka. Alifungua kitambaa, akatazama, akakifunga taratibu, kisha akaenda kwa jirani kuomba baiskeli. Tulimkalisha baba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mama akimshikilia, Bibi akifuata kwa miguu, hadi zahanati.

Muuguzi alimwamkia Bibi kwanza, akaangalia kidonda.

"Bibi, upande huu umekufa ganzi," alisema. "Hata ukimwekea kaa la moto atakwambia hasikii. Mtu kama huyu ukitaka kumkanda, maji yapime kwa kiwiko chako. Anza na mkono wake wa kulia usiokufa ganzi, yeye mwenyewe akwambie kama yanaunguza. Na kitambaa usikiache hapo, kifunue uitazame ngozi."

Bibi aliuliza polepole, "Kwa hiyo haukuwa upepo unaotoka?"

"Huo ni moto, bibi."

Baba alipelekwa hospitali Korogwe, akakaa huko hadi mahindi yakavunwa bila yeye. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea na fimbo, na ulimi ukawa mwepesi. Mkono haukurudi. Kovu lilikivuta kiwiko, ukabaki umekunjwa kifuani. Bibi hakumgusa tena. Alimletea chakula, akakiweka karibu, akaondoka.

Baada ya kumzika Bibi, nikiwa tayari mtu mzima, nilimuuliza baba jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kuulizwa.

"Hukuona kwamba unaungua?"

"Niliona," alisema. "Niliona ngozi inavyogeuka. Lakini mama yangu alikuwa na furaha. Tangu nianguke sikuwa nimemwona na furaha."

Kwa muda mrefu nilimlaumu Bibi na imani yake ya korongoni. Siku hiyo lawama iliniponyoka, na sikupata pa kuipeleka. Naona watu wawili waliopendana sana, mmoja akiogopa kumpoteza mwanawe, mwingine akiogopa kumvunja mama yake moyo, na hapakuwa na mtu kati yao wa kusema basi, inatosha.