Shukrani Iliyotangulia Jibu Langu

Simu iliita Ijumaa mchana nikiwa nimebeba ndoo mbili za maji. Nilipoona namba nisiyoijua nikazitua kwa kishindo, nusu ya maji ikanimwagikia miguuni. Mwaka mzima tangu nimalize chuo, namba nisizozijua zilikuwa ni za watu wanaouliza kama nataka kujiunga na kifurushi. Hii ilikuwa sauti ya mama mmoja mpole wa ofisini. Akalitaja jina langu lote, la baba na la babu, kisha akasema, "Hongera binti, umechaguliwa."

Jamani! Nilijibu "asante" mara nne mfululizo, na katikati nikaenda kumwambia "shikamoo" wakati tulishasalimiana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya afisa shamba katika kampuni ndogo inayozalisha mbegu za viazi mviringo. Kituo ni Ibaba, kule juu milimani wilayani Ileje. Ningepewa miezi sita ya majaribio, chumba cha kulala, na pikipiki. Pikipiki! Mimi ambaye hata baiskeli nilijifunzia ukutani, na nikaanguka na ukuta ukiwepo. "Tunataka jibu lako Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi," yule mama akasema. "Ukishindwa, tunampigia anayefuata."

Anayefuata! Nikamchukia papo hapo mtu nisiyemjua.

Ibaba nilikuwa naifahamu. Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa huko wiki sita kwa mafunzo ya vitendo, nikatetemeka kwa baridi kila asubuhi na kuapa kwamba sirudi. Halafu siku moja mama mkulima akanishika mkono, akanipeleka shambani kwake, akang'oa shina la kiazi lililolegea kama mboga iliyokaa juani. Alisema kwa Kindali, jirani yake akanigeuzia kwa Kiswahili: "Anauliza, hivi vinakufa kwa nini na mvua ipo?"

Nilikuwa najua. Hebu fikiria, miaka yote ya kukariri, na kwa mara ya kwanza mtu ananiuliza kitu ambacho anakihitaji kweli na mimi nakijua! Nikaomba glasi ya maji safi, nikakata kipande cha shina, nikakining'iniza kwenye maji. Tukangoja. Polepole nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa. Wale akina mama wakasema "Eee!" kwa pamoja. Nikawaeleza kwamba huo ni mnyauko, unaingia shambani na mbegu chafu, na viazi vya shamba lile wasivifanye mbegu tena. Usiku ule baridi sikuisikia.

Kwa hiyo moyo wangu ulijibu ndiyo kabla simu haijakatika. Kilichobaki ni mama.

Mama yangu ana kibanda cha chipsi Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Madereva wakikwama siku mbili tatu, chakula chao ni kwake. Wale wa Zambia humwita "bamayo", yaani mama, kwa heshima, naye huwapa chumvi ya ziada kwa ajili hiyo. Kibanda kile ndicho kilichonilea na kunisomesha, kwani baba alifariki nikiwa darasa la pili. Na kwetu Tunduma, mtu akisema mtoto wa fulani kasoma, hakuna anayeuliza kasomea nini. Msomi ni wa mpakani. Atavaa kitambulisho shingoni, atashika makaratasi ya mizigo, atakwenda kazini kwa miguu na kurudi kula kwao. Mimi nilisomea kilimo, na mama kwa miaka mitatu aliwaambia watu nimesomea "mambo ya ofisini".

Nikaacha ndoo njiani, nikakimbia hadi kibandani. "Mama! Wamenipigia! Nimepata kazi!"

Weee! Kijiko cha kugeuzia chipsi kilipaa. Mama alipiga vigelegele mpaka dereva aliyekuwa amelala kwenye lori la mbele akatoa kichwa. Akaambiwa: "Mwanangu kapata kazi!" Akabonyeza honi. Wa nyuma yake naye akabonyeza, na wa nyuma yake, foleni nzima ikawa inalia, wengine hata hawajui wanachoshangilia. Katika kelele hizo nani angeanza habari za Ileje? Nilikuwa nimeomba kazi pia katika ofisi mbili za uwakala wa forodha mwezi uliopita, mama akanifulia blauzi mwenyewe. Hakuuliza ni kazi gani. Kwake kulikuwa na kazi moja tu.

Nikajiambia nitamweleza jioni. Jioni nikajiambia kesho. Nilikuwa na hoja yangu, tena niliiona ya maana sana: kama nitaikataa kazi ya Ibaba, kwa nini nimuumize mama kwa kitu ambacho hakitakuwepo? Nilikaa na hoja hiyo Jumamosi yote, huku nikifanya mazoezi ya kupanda pikipiki juu ya mto wa kitanda.

Jumapili kanisani, baada ya matangazo, mchungaji akaita wenye shukrani. Kwetu mtu akitendewa jema na Mungu haji mikono mitupu. Huleta mahindi, ndizi, mayai, chochote, akashuhudia mbele ya watu, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada hapo nje. Nikasikia kuku analia nyuma yangu. Nikageuka. Mama huyo anapita katikati ya mabenchi, kitenge kipya, tetea mweupe kwapani!

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Binti yangu mmemwona mwaka mzima akitembea na bahasha. Wengine mlisema atazeeka nazo." Watu wakacheka, maana ni kweli walisema hivyo. "Mungu hakulala. Amempa kazi hapa hapa, mpakani. Atakwenda asubuhi, jioni atarudi kulala kwangu!"

Vigelegele. Kwaya ikadaka pambio. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nimeinamisha kichwa, wakadhani ninalia kwa furaha. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na benchi.

Kwenye mnada kuku aligombewa kweli kweli. Mwishowe akanunuliwa na jirani yetu, wakala wa forodha wa siku nyingi, mtu mcheshi anayejua kila lori na kila afisa. Kama ilivyo desturi kwa anayetaka kumheshimu mtu, hakumchukua. Akaja kunikabidhi mimi mbele ya wote: "Kuku huyu akusindikize kazini, mfanyakazi mwenzangu!" Halafu, makofi yakiendelea, akaniinamia sikioni. "Ofisi gani iliyokuchukua? Mimi nazijua zote, sijasikia."

Nikamweleza kwa kunong'ona, kuku akinipiga mabawa usoni. Akanitazama, akamtazama mama aliyekuwa anakumbatiwa na nusu ya kanisa. Alikuwa mtu mwema yule. "Sikiliza," akasema. "Kwetu tunatafuta mtu wa nyaraka. Kesho asubuhi nitapita kibandani kwa mama yako, twende wote nikutambulishe. Aliyoyasema mama yako yatakuwa kweli, na hakuna atakayejua."

Basi bwana! Mtu uliyekaa mwaka mzima bila kazi, sasa unazo mbili, na zote zinataka jibu Jumatatu. Nilirudi nyumbani na kuku wangu, kichwa kinawaka. Ofisi ya jirani ilikuwa karibu, ya uhakika, na mama angebaki na heshima yake. Ningesema ndiyo na hadithi ingeisha. Lakini kila nilipojaribu kujiona nimekaa na makaratasi ya mizigo, nilichokiona ni glasi ya maji na nyuzi nyeupe zinashuka. Nikajua nikinyamaza safari hii nitanyamaza maisha.

Nikamwambia mama mchana ule ule, wakati anamfunga kuku mguu kwenye meza.

"Ibaba?" akasema. "Ibaba ya wapi?"

"Ileje, mama. Kwenye viazi."

"Kwenye viazi." Akakaa chini. "Miaka mitatu nimemenya viazi ili wewe usimenye, leo unakwenda kuvilima?"

"Silimi, mama, nafundisha..."

"Nimesimama mbele ya kanisa zima nikamdanganya Mungu! Na wewe uko benchi la tatu, unaniangalia!"

Ni kweli nilimwangalia. Mama akikasirika sana Kiswahili humkimbia, hubaki na Kinamwanga, na siku ile Kinamwanga kilitoka chote mpaka kikaisha. Kisha akanyamaza. Heri angeendelea, maana kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha mama yangu nakiogopa kuliko mwiko wake. Nilimwambia pia habari ya jirani, ili asije akasema nimeficha tena. Akainuka, akaingia ndani.

Jumatatu alfajiri nilimfuata kibandani. Hakuniita, hakunifukuza. Tukakaa kila mtu na kigoda chake, ndoo ya viazi katikati, tukawa tunamenya. Kuku nilikuwa nimekuja naye pia, sijui kwa nini, labda kama shahidi. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Simu niliiweka mapajani, nikawa naiangalia kila nikimaliza kiazi kimoja. Jirani akatokea na kitambulisho chake shingoni, akatusalimu, akaiona hali, akaagiza chai akaketi kando. Ala, hata yeye alikuwa anangoja!

Mama akakata kiazi. Ndani kulikuwa na pete ya kahawia, mbovu. Akakitupa, akachukua kingine. Pete tena. Akasonya.

"Hivi huko wanakolima," akafoka, "hakuna hata mtu mmoja wa kuwaambia hawa watu?"

Sentensi hiyo nimeisikia tangu sijaanza shule. Kila gunia jipya likifunguliwa, kila mwaka, mama huiuliza hewa, na hewa haijawahi kumjibu. Lakini safari hii mkono wake ulisimama na kisu. Jirani akaacha kunywa chai.

Mama akakiokota kile kiazi alichokitupa. Akakibinya kwa kidole gumba. Kwenye ile pete likatoka tone jeupe, zito.

"Hiki ndicho ulichosomea?"

"Ndicho hicho, mama. Unaitwa mnyauko."

"Una dawa?"

"Hauna. Unataka mbegu safi, na mtu wa kuwafuata wakulima shamba kwa shamba. Ndiyo maana ya ile pikipiki."

Akakiangalia kiazi muda mrefu. Nadhani alikuwa anavihesabu vyote alivyovitupa. "Saa ngapi sasa?"

"Tatu na nusu."

"Na umekaa unanitazama? Piga simu, mtoto wewe!"

Nikapiga. Ilipopokelewa tu, lori moja likawasha injini, jingine likapiga honi, ikabidi nisimame juu ya kigoda na kupiga kelele: "Ndiyo! Nimesema NDIYO! Nakuja!" Madereva wakaitikia "Ndiyoo!" kwa mzaha, na yule mama wa ofisini akacheka upande wa pili. Aliniambia niripoti Alhamisi, nije na sweta. Nilishuka kwenye kigoda nacheka na kulia, sikujua kipi kilitangulia.

Mama alikuwa ameshamgeukia jirani. "Jirani, nilishukuru kwa pupa. Mtoto anakwenda Ibaba. Jumapili nitasimama tena niseme."

"Basi nirudishiwe kuku wangu?" jirani akatania.

"Thubutu! Kuku anakwenda Ileje. Kanisa zima lilishasema amina. Mungu si mtoto mdogo, anajua mwenyewe ni kazi gani aliyoitoa."

Tukacheka wote watatu. Jirani akamaliza chai, akaniombea heri, akaenda zake mpakani. Nilianza kumweleza mama habari za chumba, za baridi, za pikipiki, maneno yananitoka bila breki, na yeye anaitikia "mh, mh" huku akimenya. Halafu akasema, bila kuinua macho:

"Mimi hata hiyo ofisi ya mpakani siijui ikoje. Nilichoshukuru ni kwamba ungerudi kulala kwangu."

Mafuta yalikuwa yameanza kupata moto, na madereva wawili walikuwa wanakuja na njaa yao. Nikavuta kigoda karibu na chake, nikachukua kisu, tukaendelea kumenya.